Dozi ya Ulaya, Ini la Uzaramo

Chole hii si ile ya Mafia. Ile ni kisiwa chenye magofu na popo, na wageni huifuata kwa boti. Hii ni kata ya bara katika Wilaya ya Kisarawe, mkoa uleule wa Pwani, nchi ya Wazaramo: mihogo, mikorosho, njia za mchanga, na Dar es Salaam iliyo jirani kiasi cha kuwameza vijana wote wa kijiji. Wanaosimulia historia ya tiba ya akili nchini huanzia Lutindi, wakapita Mirembe, wakamalizia Muhimbili. Huku hawapiti. Wangepita wangeona kwamba Uzaramo umo katika karibu kila sura ya hadithi hiyo, tangu ngoma za kutibu za madogoli hadi siku wataalamu walipochukua damu ya Watanzania ili wajue kwa nini kidonge kilekile humwinua mmoja na kumlewesha mwenzake.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, na ni la zamani kuliko maabara. Dawa humkubali mtu, au humkataa. Anayesema hivyo haitukani dawa wala hamlaumu mgonjwa. Anasema tu kwamba wawili hao hawakupatana. Wanasayansi wa Ulaya walifika hapo katikati ya karne ya 20, wakalitafutia jambo hilo jina refu: famakojenetiki. Jina alilibuni Mjerumani Friedrich Vogel mwaka 1959.

Kabla ya kidonge palikuwa na maswali. Mtu aliyeanza kujitenga, asiyekula wala kulala, anayelia bila kuguswa, au yule wa upande wa pili, anayesema usiku kucha, anayegawa mali na kutukana wakubwa njiani, hakwenda kwa mganga peke yake. Alikwenda na watu wake, na watu wake ndio waliohojiwa zaidi. Ugonjwa huu ni wa Mungu au ni mkono wa mtu? Kuna mzimu uliosahaulika? Kuna pepo wa ukoo anayetaka kiti? Kama ni pepo, ametokea kwa mama au kwa baba? Wazaramo wa zamani walihesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo kuuliza habari za tumbo alilotoka mtu kulikuwa ni kuuliza habari za ugonjwa wenyewe.

Mengi ya haya tunayajua kwa maandishi kwa sababu ya mke na mume. Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliishi na Wazaramo wa Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, akachapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu mila na alama zao, hasa za wanawake. Mumewe, Lloyd Swantz, Mmarekani wa Kanisa la Kilutheri, aliwafuata waganga wa Kizaramo mjini Dar es Salaam. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990. Kwao mganga hakuwa masalia ya porini. Alihamia mjini pamoja na wateja wake, akapanga chumba uswahilini, akaendelea na kazi.

Na kazi hiyo ilikuwa ya kujaribu na kutazama. Nyungu, mafusho, kombe, chale, kisha ngoma ikibidi, na madogoli ilikuwa miongoni mwa ngoma hizo. Dawa ikimkataa mtu, hubadilishwa. Ikimkubali, huendelezwa, na jamaa huambiwa wamtazame. Tusimpambe mganga kupita kiasi. Pepo wa ukoo si jeni. Aliyetafuta upande wa mama hakuwa akitafuta kimeng'enya cha ini, na wapo wagonjwa waliofungwa minyororo au kucheleweshwa hadi wakafa huku bao likipigwa. Lakini desturi ya kuwauliza ndugu kabla ya kumpa mgonjwa kitu ilikuwepo, na inafaa kuikumbuka kwa sababu hospitali iliipoteza.

Walutheri wa Berlin walifika Kisarawe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na muda mfupi baadaye wakafungua kituo cha Maneromango. Walileta shule, kanisa na sanduku la dawa. Kwa maradhi ya akili hawakuwa na dawa ya kuleta, kwani hata kwao haikuwepo. Walichokuwa nacho Wajerumani ni nyumba ya kuwahifadhi wagonjwa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Tiba yake ilikuwa shamba, sala na ratiba ya siku. Si haba, ukilinganisha na rumande.

Waingereza nao wakajenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1920. Jina likaingia mtaani. Mpaka leo mtu akifanya kituko huulizwa kama ametoroka Mirembe. Reli ya Kati, inayopita Pugu na Soga kabla ya kuuacha Uzaramo nyuma, ilikuwa imefika Dodoma tangu 1910, na ndiyo iliyowabeba watu wa pwani kwenda huko. Kati ya mgonjwa na watu wake pakawa na mamia ya kilomita. Daktari wa Mirembe aliyetaka kujua kama mama wa mgonjwa aliwahi kuugua vile, na alipona kwa dawa gani, hakuwa na wa kumuuliza.

Kidonge cha kwanza cha sonona kilipatikana kwa bahati. Huko Münsterlingen, Uswisi, kando ya Ziwa Konstanz, daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa iliyotarajiwa kutuliza wazimu. Haikutuliza. Baadhi ya wagonjwa wake waliokuwa wamezama katika huzuni, hata hivyo, waliamka, wakala, wakaomba kazi. Mwaka 1957 alichapisha habari za wagonjwa wapatao 40. Dawa ikaitwa imipramini. Miaka michache baadaye ikafuata ndugu yake, amitriptilini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, pamoja na lithium ya wale ambao hisia zao hupanda na kushuka, ugonjwa unaoitwa baipola. Amitriptilini ilikuwa rahisi na ilidumu rafuni. Ndiyo iliyokuja kuwa dawa ya sonona ya Mtanzania wa kawaida.

Dozi yake, lakini, ilikuwa imekadiriwa hasa kwenye miili ya Wazungu.

Wa kwanza kulishuku jambo la dozi walikuwa Waswidi. Mwaka 1967 kundi la Folke Sjöqvist lilipima damu ya watu waliokuwa wakimeza kiasi kilekile cha dawa za jamii ya imipramini, likakuta tofauti za kushangaza: mmoja alikuwa na dawa katika damu zaidi ya mara 30 ya mwenzake. Mwaka 1969 wakawajaribu mapacha. Mapacha wa kufanana walikuwa na viwango vilivyokaribiana sana. Mapacha wasiofanana waliachana. Basi tofauti haikuwa ya nidhamu ya kumeza vidonge wala ya ukubwa wa tumbo. Walizaliwa nayo.

Miaka sita baadaye, mjini London, mtafiti Robert Smith alikaa na wenzake wa maabara wakameza debrisokwini, dawa ya shinikizo la damu. Wenzake walikuwa sawa. Yeye shinikizo lilimshuka hata hakuweza kusimama. Mkojo wake ulionyesha kwamba dawa ilikuwa imepita mwilini bila kuvunjwa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1977, na kimeng'enya kilichomwangusha Smith baadaye kikapewa jina la CYP2D6. Kinafanya kazi kwenye ini, na jeni yake iko katika kromosomu ya 22. Ni hichohicho kinachovunja dawa nyingi za sonona.

Mwenye kuona mashine ya kusaga kijijini ataelewa haraka. Nafaka ni dawa, mashine ni kimeng'enya. Kwenye nyumba moja mashine ni mbovu, magunia yanarundikana mpaka mlangoni: huyo kidonge kimoja humkausha mdomo, humlevya, moyo humwenda mbio. Nyumba ya pili mashine inakwenda polepole. Ya tatu ni ya kawaida. Ya nne kuna mashine nyingi, zote zinaunguruma, na gunia halikai: huyo anameza wiki baada ya wiki na huzuni iko palepale. Amitriptilini ina mashine mbili kwa kweli. Kimeng'enya kingine, CYP2C19, huigeuza kuwa notriptilini, ambayo nayo ni dawa. Kisha CYP2D6 huimaliza.

Nyumba ya nne si mfano wa kubuni. Mwaka 1985 Leif Bertilsson na wenzake huko Swideni walieleza habari za mwanamke mwenye sonona aliyehitaji miligramu 500 za notriptilini kwa siku ili damu yake ifikie kiwango cha kutibu. Wengine hutosheka na 75 hadi 150. Kwingine kokote mgonjwa kama huyo angeambiwa hanywi dawa, anazitupa chooni. Mwaka 1993 sababu ilionekana: baadhi ya watu wa namna yake wana nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, na katika familia moja baba na watoto wake wawili walikuwa na nakala zaidi ya kumi kila mmoja.

Watu hawa wa kaskazini hawakuwa wageni Pwani. Januari 1963 nchi tano za Nordiki zilikuwa zimefungua kituo Kibaha, chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Mwaka 1970 wakaikabidhi Serikali ya Tanzania, na ndicho leo Shirika la Elimu Kibaha, lenye Hospitali ya Tumbi pembeni yake. Haitakuwa haki kusema kwamba Kibaha ndiyo iliyozaa utafiti wa jeni. Ila mazoea yalikuwepo: daktari wa Kitanzania aliyekwenda kusoma Stockholm, Mswidi aliyekuja kukaa Dar es Salaam, jokofu la damu lililosafiri kati yao. Katika miaka ya 1990 Amos Massele wa Muhimbili na wenzake walishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya huko Stockholm kuuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa hapa: mashine za Watanzania zinasagaje?

Majibu yalianza kutoka mwaka 1998. Kwa CYP2C19, Watanzania waliopimwa walivunja dawa za majaribio polepole kuliko jeni zao zilivyotabiri. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa CYP2D6, na hadithi ikawa hiyohiyo. Ile hitilafu kubwa inayoua kabisa mashine, ambayo huwapata Wazungu 5 hadi 10 katika kila 100, ilikuwa adimu hapa. Watanzania wengi walikuwa na mashine inayofanya kazi, lakini kwa mwendo wa pole. Sababu mojawapo ni aina ya jeni iitwayo 17, iliyokuwa imetambuliwa Zimbabwe mwaka 1996 na kundi la Collen Masimirembwa, na ambayo kwa Watanzania ilikuwa kama moja kati ya kila jeni tano. Mwaka 2001 ikaelezwa nyingine, ya 29, iliyoonekana kwa wingi katika damu za Watanzania haohao, nayo pia hupunguza mwendo.

Maana yake ni nini kwa mtu wa Chole? Kipimo cha wakati ule kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu kingetafuta hitilafu za Kizungu, kisizione, na kumwandikia Mzaramo kwamba ini lake ni la kawaida. Kumbe si la kawaida ya kipimo hicho. Kosa hili si la ubaguzi wa makusudi. Ni la kutafuta ufunguo chini ya taa kwa sababu ndipo penye mwanga, na taa ilikuwa imewekwa Ulaya.

Mambo yalizidi kuwa magumu walipojaribu dawa nne tofauti kwa Watanzania wenye jeni zinazojulikana, mwaka 2002. Aina ya 17 haikuzichelewesha dawa zote sawasawa. Mashine hiyohiyo ilisaga mtama polepole, mahindi karibu kama kawaida. Kwa hiyo hata mwenye karatasi ya jeni mkononi hawezi kusema “huyu ni mpole” akaishia hapo. Lazima aseme mpole kwa dawa gani.

Mbele upande wa kaskazini picha inageuka kabisa. Eleni Aklillu, Mhabeshi aliyefanya kazi Karolinska, aliwapima Wahabeshi 122 na kuchapisha mwaka 1996 kwamba asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za CYP2D6, jambo ambalo kwa Waswidi ni nadra sana. Addis Ababa na Dar es Salaam zote ziko Afrika Mashariki, na kwa macho ya mtengeneza dawa wa Basel wote ni “Waafrika”. Kidonge kinawaona tofauti. Mwaka 2002 Aklillu akaongeza la ajabu zaidi: Wahabeshi wanaoishi Ethiopia walivunja dawa polepole kuliko Wahabeshi wenzao wenye jeni zilezile wanaoishi Swideni. Chakula, au kitu kingine cha mazingira, kilikuwa kinaingilia. Jeni ni mashine, lakini kuna anayeitilia mafuta.

Hapo hata kichwa cha makala haya kinapaswa kusahihishwa. Ini la Uzaramo halipo. Waliotolewa damu Dar es Salaam walitoka kila upande wa nchi, na tofauti kubwa haziko kati ya kabila na kabila. Ziko ndani ya nyumba moja, kati ya kaka na dada. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff, pamoja na wenzake akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walionyesha kutokana na watu wa makundi 121 ya Afrika kwamba hakuna bara lenye utofauti wa jeni kama hili. Atakayetoa dozi kwa kutazama kabila la mgonjwa kwenye cheti atakuwa amebadili kosa moja kwa jingine.

Watanzania waliopimwa dawa katika tafiti hizo walikuwa wazima. Mwaka 2001 utafiti wa Collet Dandara na wenzake uliwaingiza wagonjwa wa akili wa Afrika Mashariki na Kusini pamoja na wazima, na miongoni mwa waandishi wake alikuwa Sylvia Kaaya, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili. Kaaya huyohuyo alikuwa na kazi nyingine iliyokwenda sambamba: kutafuta maneno. Mwanamke wa Dar es Salaam mwenye sonona si lazima aseme ana huzuni. Atasema ana mawazo mengi, moyo mzito, mwili umechoka, kichwa kinawaka moto. Kundi lake lilitengeneza dodoso linalotumia lugha ya hapa badala ya kutafsiri la Marekani. Watu huona kazi ya maneno ni ndogo mbele ya kazi ya jeni. Si kweli. Asiyejua mgonjwa anaitaje hali yake hatajua kama dawa imemkubali.

Na wagonjwa walikuwa wapi? Mwaka 2003 Ngoma, Prince na Mann walichapisha hesabu iliyofanyika Dar es Salaam. Kati ya waliokwenda vituo vya afya vya kawaida, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili ya aina ya sonona na wasiwasi. Kati ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48. Lloyd Swantz asingeshangaa.

Jaribio la kuzishusha huduma hizi vijijini lilikuwa limeanza mwaka 1980, Morogoro na Kilimanjaro, kwa mpango wa taifa uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark: watumishi wa zahanati wafundishwe kutambua kifafa, wazimu na sonona, badala ya kila mtu kupandishwa gari kwenda Dodoma. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka sasa hakuna aliyepata wazo bora zaidi. Ulichotegemea ni orodha fupi ya dawa na kanuni moja kwa wote.

Kanuni moja kwa wote iliadhibiwa vibaya na dawa ambayo hata si ya sonona. Efavirenzi ilikuwa nguzo ya tiba ya VVU, miligramu 600 kila usiku. Huvunjwa na kimeng'enya cha jirani, CYP2B6, na aina ya jeni inayokipunguzia kasi imeenea sana Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Watu walilala na ndoto za kutisha, wakaamka na kizunguzungu, wengine wakaingia katika huzuni isiyokuwa na sababu. Muhimbili, Makerere na Karolinska walipima na kuandika. Zimbabwe ilipoiingiza dawa hiyo kwa kila mtu mwaka 2015, Masimirembwa alikuwa ameonya. Ilipofika 2019 Tanzania ilikuwa inahamia dolutegraviri, na swali likafa kabla ya kujibiwa zahanati. Wangapi kati ya waliosemwa “wana msongo wa mawazo kwa sababu ya ugonjwa wao” walikuwa tu wamepewa dozi kubwa kuliko ini lao?

Tofauti za kusaga dawa ni upande mmoja. Upande wa pili ni jeni zinazofanya kazi kwenye ubongo wenyewe, na huko historia ina aibu kidogo. Kwa zaidi ya miaka 20 jeni moja inayohusika na serotonini ilishangiliwa kama ufunguo wa sonona. Makala mamia yaliandikwa. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa uliopitia jeni za aina hiyo ukakuta hazina nguvu kuliko jeni zilizookotwa bila mpangilio. Tunachojua sasa ni kwamba sonona inahusiana na jeni mamia, kila moja ikichangia kidogo sana, na kwamba waliochunguzwa wengi mno ni wa asili ya Ulaya. Mwaka huohuo wa 2019 Tishkoff na wenzake walihesabu: katika utafiti wa namna hii duniani, Waafrika walikuwa kama asilimia 2.

Kilifi, pwani ya Kenya, kazi ya kuziba pengo hilo ilifanyika kupitia mradi wa NeuroGAP, ambamo Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini zilipanga kukusanya watu wapatao 34,000, nusu wakiwa wagonjwa wa skizofrenia na baipola. Hawakuchukua damu; waliomba mate. Kwa watu wa pwani mate si kitu chepesi. Mzee humtemea mtoto mate ya baraka, na kila mtu anajua mambo ambayo adui anaweza kufanya akiyapata. Kumweleza mtu kwamba mate yake yatahifadhiwa ndani ya kichupa na kusomwa maabara ni mazungumzo marefu, na haki yake yawe marefu. Tanzania haikuwamo katika nchi nne za mradi huo.

Kwenye zahanati na vituo vya afya vya Kisarawe hakuna anayepima CYP2D6, na si jambo la kulilia kwanza. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa tangu 2013 inashauri nusu ya dozi ya amitriptilini, au dawa nyingine kabisa, kwa mwenye mashine mbovu. Mtaalamu asiye na kipimo hufikia karibu na hapo kwa kuanza na kidonge cha miligramu 25 usiku, kupandisha taratibu, na kumwita mgonjwa baada ya wiki mbili. Siku hizi kuna fluoksetini pia, dawa nyingine ya sonona, na hiyo ina vituko vyake: yenyewe huizuia CYP2D6, ikamfanya mtu mwenye mashine ya kawaida awe wa polepole. Anayechanganya hizo mbili bila kumwambia daktari anaweza kujikuta na kiasi cha dawa mwilini ambacho hakuna aliyekikusudia.

Kipimo kimoja, hata hivyo, hakihitaji umeme wala Stockholm. Mwaka 2002 kundi la Paul Grof lilionyesha kwamba ndugu wa watu waliokubaliwa na lithium nao hukubaliwa nayo mara nyingi zaidi kuliko wagonjwa wengine. Madaktari wengi wa akili wanalijua hilo na huuliza. Foleni ikiwa ndefu husahau. Basi unayempeleka mtu wako kliniki, usingoje kuulizwa: sema kama mama yake, shangazi yake au kaka yake aliwahi kutumia dawa ya namna hii, iliitwaje, ilimkubali au ilimkataa. Na kama iliyopo inamkataa, asiiache ghafla, arudi aseme.